Maji ya Mama Mkwe

Mwaka 2014 nilikuwa na makala tatu za kemia kwenye majarida ya kisayansi, na hapakuwa na mtu hata mmoja duniani aliyekuwa amezinukuu. Kila asubuhi kabla ya chai nilifungua kompyuta ya idara pale chuoni nione kama kuna mtafiti mwenzangu aliyenitaja. Sifuri. Mkuu wa idara, mtu wa utani usio na huruma, aliniambia, "Kuandika umeandika, bwana. Sasa nani kakusoma?" Nilicheka naye, lakini iliniuma. Fomu ya kupanda cheo ilikuwa na kisanduku cha idadi ya waliokunukuu, na mimi sikutaka kustaafu nikiwa mhadhiri msaidizi.

Makala niliyoitegemea ilihusu mhogo mchungu wa kwetu Kasulu. Mwaka mmoja kabla, nilikwenda kwa shangazi yangu, Rungwe Mpya, na chupa za sampuli na kipimajoto, kupima jinsi sumu inavyotoka mhogo unapolowekwa. Kwa baridi ya kule, majirani zake waliloweka siku nne, hata tano. Wa shangazi ulilainika siku ya pili. Siri ilikuwa maji: kila alipoopoa mhogo, alibakiza kata moja ya yale maji machachu, akayamimina kwenye ndoo ya mhogo mpya.

"Haya nilifundishwa na mama mkwe," alianza kunieleza. "Yeye kwao Muyama, sasa mwaka ule nimeolewa, mvua..."

"Shangazi," nikamkatiza, kalamu mkononi, "kwanza nione hiyo kata ina ukubwa gani."

Akanitazama, akanipa kata. Nikaipima.

Maabara ilinipa majibu mazuri: sumu iliyobaki ilikuwa kidogo sana. Nikaandika kwamba maji ya mloweko uliotangulia yaliongezwa. Yaliongezwa! Ukisoma utadhani yalijimimina yenyewe, au wazo lilinijia nikiwa naoga. Mwishoni niliorodhesha wanasayansi chungu nzima, wengi wao hawajawahi kumenya mhogo. Shangazi hakuwemo, na wala sikuona tatizo.

Mapema 2015 ikaja barua pepe kutoka kwa mtafiti wa ng'ambo ya Manyovu, upande wa Burundi. Alikuwa anaandika juu ya mhogo wa milimani na alitaka kuninukuu. Nilisimama, nikaketi, nikasimama tena. Kisha nikasoma sentensi ya mwisho: aliuliza kama ile njia ya maji ni yangu, au kuna aliyeitumia kabla yangu, maana angependa kumtaja mwenyewe.

Fomu ilitakiwa mwezi uleule. Angenithibitishia tu kwa maandishi kwamba ananinukuu, ningeiambatisha hiyo barua na kisanduku changu kingepata moja. Kusema kweli kungeweza kuniondolea hata hiyo moja. Nilimjibu kwamba nitamwarifu, jibu la mwoga, nikapanda basi la Kasulu.

Nilimkuta shangazi anaanika mhogo. Nilimweleza yote bila kujipamba: kwamba nilichukua ujuzi wake nikauandika kama wangu, na sasa kuna mtu anauliza mwenyewe ni nani. Nilijiandaa kukaripiwa.

"Ego, ndiyo, mwandikie," alisema, akigeuza vipande juani. "Ila usiseme ni mimi peke yangu. Mimi niliyakuta. Sema mama mkwe, wa Muyama. Naye alisema kapewa na dada yake mkubwa, lakini huyo sikumwona, siwezi kumsemea."

Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Mimi nilisomeshwa miaka na miaka namna ya kuandika marejeo. Yeye, ambaye hajui kusoma, alijua hata mahali pa kuishia. Siku ile nilipomkatiza, alikuwa ananipa rejeo la kwanza, nami nikataka kata.

Nilijibu ile barua pepe kwa simu siku hiyohiyo, nimesimama juu ya kichuguu nyuma ya nyumba ndipo mtandao unapokamata. Niliweka majina mawili, la mama mkwe na la shangazi. Nikawaandikia pia wahariri wa jarida langu wasahihishe. Barua ya uthibitisho sikumwomba; kwenye fomu nikajaza sifuri, na cheo sikupata.

Makala ya yule mtafiti wa Burundi ilitoka kabla mwaka haujaisha. Niliichapa kwenye karatasi nikaipeleka Rungwe Mpya mwenyewe, moyo mweupe kabisa. Nikamwonyesha shangazi mahali penyewe: jina la mama mkwe wake, marehemu siku nyingi, kisha lake. Akayapapasa kwa kidole chenye unga. Akacheka.

"Na wewe wamekuweka wapi?"

"Hapa chini, shangazi. Baada yenu."

Akapatazama.

"Ndipo mahali pako, mwanangu, mwana wanje," akasema, akaniambia nimshikie ndoo.