Chaki kwenye Nguzo za Stima

Fundi wa nguo, jirani yangu hapa mtaani Wabera, hutoka baada ya swala ya alfajiri, bakora mkononi, na kushika barabara ya Kulamawe. Tangu apigwe na kiharusi anauburuta mguu wa kushoto, na amejiwekea ahadi ya kuongeza nguzo moja ya stima kila wiki. Akifika, hutoa chaki yake ya kukatia vitambaa, huchora mstari kwenye nguzo, kisha hugeuka. Hapendi kusindikizwa. Ukimpa salaam huijibu yote, polepole, bila kusimama, na vidole vyake havichoki kupapasa ncha ya mtandio kama anatafuta upindo uliofumuka.

Wiki jana, nikitoka kuchukua maziwa ya ngamia ninayouza, nilizitazama alama zake. Zote ziko usawa wa bega, ila ile ya mwisho, ya nguzo ya kumi na moja, ambayo iko chini kabisa, karibu na vumbi. Nikampitia kwake akishona, nikamuuliza mbona.

“Hapo nilianguka,” akasema, akitunga uzi kwenye sindano. “Kuinuka kukanishinda, nikachora hapo hapo nilipokaa. Kwani sikufika?”

Nikamwambia kesho tutaenda pamoja.

“Wewe enda uuze maziwa, mwanangu.”

Leo asubuhi nimepita pale tena. Alama ya chini bado ipo. Juu yake, usawa wa bega, kuna nyingine, na hiyo ameichora mara mbili.