Usukani wa Mzee na Honi Yake

Naweka dau kwamba hamtaamini, na atakayeamini simdai kitu, maana hata mimi ningesimuliwa ningesema msimulizi ana homa. Kulikuwa na fundi wa magari aliyejiita Bingwa. Jina hilo hakupewa na mtu. Alijipa mwenyewe alipotoka shule kabla shule haijamtoa, akaliandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa gereji, na watu wakachoka kubisha. Kwa mdomo wake, hakuna injini iliyowahi kumshinda. Zilizofia mikononi mwake zilikuja zikiwa zimeshaandika wosia.

Lakini kila jioni Bingwa huyo huyo alipitia nyumbani kwa baba yake, akavua kofia, akasema, "Shikamoo baba," na mzee akamjibu kwa adabu anayopewa mgeni: "Marahaba, fundi. Umekuja kuiona gari?"

Fundi. Si mwanangu, si jina la utotoni. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umeingia kichwani mwa mzee kama mchwa kwenye boriti: nje pazima, ndani unga. Mkewe alifariki ugonjwa ukiwa ndio unaanza, na tangu hapo mzee alishinda ndani ya gari yake kuukuu, iliyoegeshwa uani pua imeelekea geti. Aliiendesha gari hiyo tangu Bingwa hajazaliwa. Sasa alikaa tu, mkono wa kushoto ukipapasa usukani kama wa mtu aliyeangusha ufunguo majanini.

Wiki hiyo dada mkubwa alikuwa amefika kumchukua. Aliishi mbali, na kwake nyumba haikosi watu mchana kutwa. Hapa mzee alibaki peke yake, na juzi alisahau jiko likiwaka. Wangeondoka Jumamosi. Bingwa hakupinga. Alitaka kitu kimoja tu kabla ya hapo: aitwe mwanangu, hata mara moja.

Na dawa aliijua, au ndivyo alivyotangaza. Usukani uliokuwa kwenye gari haukuwa wake. Ulikuwa wa pikapu, mdogo, mnene; mzee aliufunga wakati ule wa asili ulipopasuka kwa jua. Wa asili ulikuwa mpana, mwembamba, una pete ya chuma inayong'aa ya kubonyezea honi. Mama aliuviringisha kwenye shuka akauweka nyuma ya kabati, na ulikuwa bado huko huko. Bingwa akasema mzee hajasahau watu. Ameshika usukani wa wenyewe, mikono imepotea njia, kichwa nacho kimefuata mikono.

"Nikiurudisha ule na honi yake, akabonyeza tu, ataniita," alimwambia dada. "Nikikosea, niite mwanagenzi mpaka nizikwe."

Dada alikuwa anakunja mashati ya mzee. Alisema yeye kaja kufunga mizigo, hakuja kuzuia wehu.

Bingwa akaingia kazini. Nyufa alizijaza gundi ya chuma, akapiga msasa mpaka kidole hakihisi mshono, akapaka rangi nyeusi. Mahali pamoja hakupachimbua: upande wa kushoto, palipoliwa na kidole gumba cha mzee mpaka pakabonyea kama kijiko. Honi yenyewe ilikuwa mbele ya rejeta, kutu tupu, ndani nyigu walishajenga wakahama. Akaisafisha, akaijaribu moja kwa moja kwenye betri. Ikakoroma kama mjomba aliyeshiba. Akakaza skrubu yake kidogo kidogo mpaka sauti ikanyooka. Waya unaopanda kwenye usukani ulikuwa umekatika. Akaweka mpya, akafunga usukani, akakaza nati. Magurudumu yamenyooka, usukani umenyooka, pete imetulia kama bibi harusi kwenye picha. Ndiyo kazi yake hiyo. Mafundi wanaofunga usukani upande huwa anawauliza kama gari inakwenda safari au inachungulia majirani.

Alhamisi asubuhi akamkalisha mzee. Mkono wa kushoto ukapanda, ukatua, kidole gumba kikaanza kutafuta. Kikateleza kwenye rangi mpya, kikarudi, kikachoka.

"Nzuri," mzee akasema. "Ya nani hii, fundi?"

Dada akageuka, akaingia ndani. Bingwa hakutania wala hakujisifu, na hapo ndipo najua mtabisha. Alichuchumaa mlangoni mwa gari, akautazama ule mkono. Kila ulipotua, kidole kiliangukia chini kidogo ya kile kijiko, pale pale. Ndipo akalikumbuka bega. Mzee alianguka kwenye ngazi ujanani, bega la kushoto likaunga vibaya, mkono haupandi. Kumbe usukani wake aliufunga umezunguka kushoto jino moja la mhimili unaoushika, makusudi, ili upande huo ushuke umfuate mkono. Miaka yote ile gari ilikwenda mbele usukani umepinda, na mwanawe, bingwa wa mabingwa, hakuona.

Akafungua nati tena. Akaung'oa usukani, akausogeza jino moja, akaufunga upande. Kazi ile angeikuta kwa fundi mwingine, angeita mtaa mzima uje kucheka.

Mzee akashika. Kidole gumba kikaingia kwenye kijiko chake. Mgongo ukanyooka. Akalaza nywele kwa kiganja, akajitazama kwenye kioo, akabonyeza pete: fupi, fupi, ndefu.

Dada alitoka ndani mbio, shati bado mkononi. Macho ya mzee yalikuwa yamerudi, yana mwenyewe ndani. Bingwa akainama dirishani.

"Baba. Mimi ni nani?"

"Subiri kidogo, fundi," mzee akanong'ona. "Nasikiliza kama anakuja kufungua."

Alikuwa anatazama geti. Ndivyo alivyompigia mama kila jioni akitoka kazini, na mama alikuja kufungua huku akijifuta mikono.

Wakangoja wote watatu. Mzee akapiga tena, taratibu, kama mtu asiyetaka kumharakisha mwenzake. Akasema labda ana kitu motoni. Akapiga tena. Safari hii uso wake ukaanza kushuka, akajiuliza kwa sauti kama asubuhi alimuudhi.

"Ikate hiyo waya," dada akasema polepole. "Mdogo wangu, ikate."

Bingwa akafungua boneti, akauchomoa waya alioufunga kwa mkono wake. Mzee akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena, akasikiliza, kisha mabega yakalegea.

"Kumbe imekufa," akasema. "Ndiyo maana hasikii." Alikuwa karibu atabasamu. "Fundi, utanitengenezea?"

"Nitaitengeneza, mzee."

Jumamosi Bingwa alibeba mizigo mpaka stendi. Mzee alimpa mkono, akamshukuru kwa kazi nzuri, akamwomba gari aiache pale pale mpaka atakaporudi. Dada alimkumbatia mdogo wake na hakumwita mwanagenzi. Basi likaondoka.

Usukani ule Bingwa aliufunga vizuri kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya. Alikosea jambo moja tu: alidhani mzee akipata honi yake, atamwita yeye.