Yosefu wa Kabati la Sarafu

Nichekeni tu, mimi nimeshajicheka. Nafanya kazi za ndani hapa Al-Naseem, Riyadh, kwa mzee wa asili ya Zanzibar anayekusanya sarafu za Kisovieti zenye picha za sanamu za ukumbusho wa vita. Jamani, ni nzuri! Kila nilipopangusa kabati lake la vioo, nilisimama mbele ya moja: mwanamume mrefu, mtoto begani, kifaa kirefu mkononi. Mimi Mkatoliki wa Machakos nikamtambua papo hapo: Mtakatifu Yosefu, msimamizi wa wafanyakazi, na msumeno wake wa useremala! Nikazidi kumheshimu bosi, Mwislamu anayemtunza hivyo.

Basi kila asubuhi nikawa namnong'oneza: "Yosefu, mlainishe bosi anipe likizo nikamwone mama."

Jana nimepiga ishara ya msalaba, kugeuka, bosi yuko mlangoni. Nikaiona ikama yangu, kibali changu cha kuishi hapa, ikiyeyuka.

"Mwanangu," akasema, akijizuia kucheka, "huyo askari wa Kirusi, kaokoa mtoto vitani. Serikali yake haikutaka hata kusikia habari za Mungu."

"Na msumeno?"

"Upanga." Akafungua kabati, akanipa nimshike. "Na likizo, niombe mimi."