Mtoto Asiye na Jina

Dada anayetutengenezea mfumo wa kompyuta hapa zahanati ya Buguruni huvua viatu kabla ya kukaa, kisha hugonga meza kwa kucha zenye hina mpaka apate anachokitafuta. Akikwama hamlaumu mtu. Husoma msimbo wake, yale maagizo anayoiandikia kompyuta, kwa sauti ya chini, neno kwa neno, kama anayemfundisha mtoto juzuu. Wiki nzima fomu ya chanjo ilitutesa. Mie najaza taarifa za mtoto kwenye kivinjari, nabonyeza “tuma,” na seva, ile kompyuta ya kuhifadhi taarifa iliyoandikiwa programu kwa lugha ya Java, inapokea uzito na tarehe, lakini jina hakuna. Nikawa naogopa kuja kumchoma mtoto mmoja mara mbili.

Leo asubuhi, kina mama wamejaa kwenye mabenchi, akaacha kugonga meza. “Dada Munira, njoo uone! Huku kwenye kivinjari JavaScript inatuma ‘jinaLaMtoto,’ kule kwenye seva Java inasubiri ‘jina.’ Watasikilizanaje hawa?” Akabadilisha neno moja tu, akanipisha. Nikamuuliza mama wa kwanza kwenye foleni mwanawe anaitwa nani. “Mfaume,” akasema. Nikaandika, nikatuma, na upande wa pili jina likatokea, herufi zote sita. Yule dada akaruka, akapiga vigelegele virefu, na kina mama wote wakaitikia bila hata kujua kuna nini. Muuguzi mkuu akatoka mbio, glavu moja mkononi.

“Jamani, nani kajifungulia mapokezi?”