Mwandishi Mtoto wa Fundi Bati

Juzi nilimkuta mjukuu wangu akipepea jiko kwa kile kitabu cha ibada cha zamani. Nikamnyang'anya, kisha nikacheka peke yangu.

Baba yangu alikuwa akiziba masufuria Mji wa Kale. Kanisani alisimama nje dirishani, maana mikono ilimnuka risasi ya kuzibia na masizi, na watoto waliniita Binti Kiraka. Mchana mmoja, kule kanisani Ganjoni, mama mchungaji akatusomea kitabu kile, akasema baba wa mtu aliyekiandika alikuwa fundi wa kuziba masufuria. Nikatoka mbio, kandambili mkononi, hadi kwenye kelele za nyundo.

"Baba, ndugu yako ameandika kitabu."

"Ndugu yangu yupi? Wa Kaloleni? Yule hata kalamu haijui."

"Babake alikuwa akiziba masufuria. Mama mchungaji katwambia."

Nyundo ikanyamaza. "Kasema hivyo mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote."

Sikujua mwandishi ni Mzungu, tena keshakufa zamani mno. Jumapili baba aliketi benchi la mbele, kucha nyeusi vilevile. Mimi niligeuka kila mara kutazama mlangoni, nikingoja jamaa yetu aingie tumsogezee nafasi.