Mahari Niliyoimaliza kwa Kiingereza

Sentensi moja ya Kiingereza, ya maneno sita, ilinigharimu mbuzi wawili, sukari kilo kumi, na mafuta ya pikapu kutoka Kitengela hadi Kajiado na kurudi, mara mbili. Nimehesabu tena. Ni hivyo hivyo. Ukigawa, kila neno lilikula theluthi ya mbuzi, na sukari juu.

Mimi nauza milango na madirisha ya nyumba zilizobomolewa. Wanaojenga Kitengela siku hizi hawapigi simu, wanaandika ujumbe, tena kwa Kiingereza, na mtu akikuandikia kwa Kiingereza ukamjibu "sawa," bei yako inashuka hapo hapo. Ndiyo maana nikajiunga na darasa la watu wazima, Jumamosi mchana, katika ukumbi wa kanisa. Mwalimu wetu ni mama mstaafu wa Ngong ambaye hajawahi kuchelewa wala kucheka.

Siku hiyo alitufundisha namna ya kusema jambo limekwisha lote, bila kubaki hata chembe. Akaandika ubaoni: "I have eaten the whole chapati." Yaani nimeila chapati nzima, usiniombe kipande. Kisha akatuagiza tukaandike sentensi tano kama hiyo, za kweli, za maisha yetu wenyewe.

Somo lilinipendeza. Mimi kitu kikiisha napenda kijulikane kimeisha. Niliandika kwamba nimeuza milango yote ya bluu, na hiyo ilikuwa kweli tupu. Nikaandika nimeishi Kitengela maisha yangu yote, ingawa tulihamia nikiwa na miaka mitatu. Nikaandika nimekula mbuzi mzima. Nikaandika nimemwambia mke wangu kila kitu. Ya tano ikanijia yenyewe: "I have paid the whole dowry." Nimelipa mahari yote. Orodha ya wazee nilikuwa nayo, na nilikuwa nimeipitia mara mbili: ng'ombe, kondoo, asali, sukari, tumbaku. Kila mstari una alama.

Sasa, mtu asidhani sikujua. Kwetu watu wa Mkoa wa Kati mahari haiishi, na kwa mke wangu, ambaye ni Mmaasai wa Kajiado, haiishi vile vile. Hata ukimaliza, husemi. Ukisema umemaliza ni kama umenunua sufuria sokoni: umelipa, umechukua, hakuna haja ya kurudi kumsalimu muuzaji. Nilijua. Lakini nilidhani Kiingereza ni cha daftarini.

Jumapili shemeji yangu, ndugu ya mke wangu, akaja tupange harusi ya kanisa. Tulikuwa tumekaa miaka mitano bila pete, na zilibaki wiki tatu. Pasta alikuwa amesema baba mzazi asimame mbele ya watu amkabidhi binti yake. Shemeji akatafuta karatasi ya kuandika magari, akaokota daftari langu, akasoma. Alicheka mpaka akaketi chini. Kisha akapiga picha kwa simu, akaituma kwao Kajiado.

Kabla chakula hakijaiva, baba mkwe alikuwa kwenye laini na mke wangu, sauti juu.

"Mwambie huyo mtu nimesikia amemaliza. Mtu amemaliza hana kazi na mimi. Harusi afanye na risiti yake."

Mke wangu aliweka simu chini polepole.

"Kwa hivyo mimi ni mlango?" akaniuliza. "Mlango wa bluu?"

"Ilikuwa kazi ya shule, mama watoto."

"Baba asipokuja, mimi sisimami kanisani kama kitu kimeokotwa. Utasimama na huyo mwalimu wako."

Nikaenda Kajiado na sukari. Baba mkwe alinipa chai, akauliza habari ya mvua, akauliza habari ya barabara, akanisindikiza hadi kwenye pikapu. Kuhusu harusi, kimya. Nikaelewa kwamba sukari peke yake haijafika bei.

Wiki iliyofuata nikarudi na mbuzi wawili, mke wangu, na daftari lenyewe, kwa maana liliitishwa. Wazee wanne walikuwa wameketi nje, shemeji pembeni, wanawake kando ya mlango.

"Sopa, olaputani," baba mkwe akanisalimu. Ndivyo mkwe anavyoitwa huko.

"Ipa," nikaitikia.

"Hawa mbuzi ni wa nini?"

"Wa kuomba msamaha, baba."

"Wawili tu? Ama hiyo ndiyo *the whole*?"

Wazee wakacheka. Shemeji alikuwa amemfundisha vizuri.

"Baba, huyu mmoja ni mkubwa sana. Ukimpima vizuri, hapa wako kama watatu."

"Wewe unauza mlango ama unaomba msamaha?"

Akaamuru daftari lisomwe lote. Shemeji akasoma, akafasiri. Walipofika kwa mbuzi mzima, baba mkwe akainua mkono.

"Mbuzi wa nani?"

"Wa kununua, baba. Tulikuwa wanaume watatu."

"Basi hukula mzima. Ulikula mguu."

Kwa ile ya kumwambia mke wangu kila kitu, wanawake waliangua kicheko. Mke wangu hakucheka.

"Kila kitu?"

"Kila kitu."

"Hata bei ya hiyo pikapu?"

Nikawatazama mbuzi.

Ikafika ya mahari. Niliomba niifute. Baba mkwe akakataa: kilichosemwa kimesemwa, kirekebishwe. Nikapendekeza tuseme nimelipa karibu yote.

"Karibu ni wapi? Mimi naishi karibu na Kajiado na natembea saa moja."

Nikapendekeza nusu. Wazee wakaguna; binti yao hakuolewa kwa nusu. Mwishowe baba mkwe akasema, "Kuna kitu kimoja hujaleta."

Nikatoa orodha. "Baba, vyote vililetwa. Tulihesabu pamoja."

"Blanketi ya mama."

"Haiko kwa orodha."

"Sasa iko."

"Niilete lini?"

"Usilete! Siku utaleta, utakuwa umemaliza tena."

Nimefanya biashara miaka mingi, sijawahi kupewa masharti mazuri kama hayo. Nilikubali kabla hajabadilisha nia. Na siku ya harusi alikuja, suti ya kijivu, shuka nyekundu juu yake, akamshika binti yake mkono kutoka mlangoni hadi mbele. Mke wangu alilia, pasta akangoja.

Lakini mama mkwe alikuwa kando ya mlango siku ile, na alisikia neno blanketi. Yaliyofuata hakuyasikia, au hakutaka. Kwa heshima yetu mimi na yeye hatuongei ana kwa ana, kwa hivyo hutuma salamu kupitia binti yake. Tangu baridi ianze, salamu ni moja: "Muulize huyo, nasikia niko na blanketi kwake. Iko wapi?"

Nimelinunua. Zito, jekundu, liko juu ya kabati ndani ya karatasi yake. Nikilipeleka, mzee atasema nimemaliza. Nisipolipeleka, mama mkwe analala kwa baridi na mke wangu analala akitazama ukuta. Nilifikiria kukata nusu nipeleke. Mke wangu akasema nijaribu aone.

Ninyi mliooa zamani kuliko mimi, nisaidieni. Nilipeleke, au nilale nalo? Na kama ni kupeleka, nimpe nani kwanza?