Kiti cha Pweza Katika Stoo ya Mahindi

Nilifundisha baiolojia miaka kumi na moja kabla ya kumwona kiti cha pweza aliye hai. Kila mwaka nilichora ubaoni mnyama mwenye mikono mitano, wanafunzi wakanakili, tukahamia mada nyingine. Mwaka mmoja msichana wa dawati la mbele akauliza anatembeaje, anabingirika au anatambaa? Nikamjibu kwamba chini ya mikono ana vijiguu vingi vya mrija, kama kitabu kilivyosema. Jibu lilikuwa sahihi, lakini nilijisikia mwongo. Kutoka kwetu Bisibo ni karibu zaidi kwenda Kigali au Kampala kuliko kwenda kuiona bahari, na mimi bahari nilikuwa nimeiona mara moja tu, kwenye dirisha la ukumbi wa semina.

Nina hasira za karibu na udadisi usioisha. Mume wangu husema vitu hivyo viwili vikikutana, nyumba haikaliki. Swali lile lilinikera wiki nzima, mwisho nikampigia simu kaka yangu, anayeendesha lori kutoka Dar es Salaam hadi Rusumo, nikamwomba aniletee kiti cha pweza kutoka duka la samaki wa mapambo. Alicheka mpaka akakohoa. "Wenzako huagiza vitenge," aliniambia.

Wa kwanza alikufa baada ya siku mbili kwa sababu ya ujuaji wangu: niliona chumvi ni chumvi, nikakoroga ya jikoni. Baadaye nikajua iko chumvi maalumu ya kutengenezea maji ya bahari, na kifaa cha kupimia ukali wake. Wa pili aliishi vizuri miezi mitano katika tangi la kioo nililoungiwa na fundi wa madirisha, mpaka nilipomtumbukizia mwenzake moja kwa moja kutoka kwenye boksi la safari. Yule mwenzake alikuja na konokono wadogo sana, wanyonyaji, waliojificha chini ya mikono. Nilipowagundua walikuwa wamekwisha kuhamia kwa yule wa pili. Niliwazika wote wawili chini ya mgomba, nikalia.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilijua. Mkulima yeyote wa hapa hufunga mbuzi wa mnadani peke yake nyuma ya nyumba kwanza, na tangu mnyauko wa migomba utufundishe adabu, hakuna anayepanda chipukizi la kupewa bila kulichunguza. Basi nikaweka sheria: kila anayekuja atakaa wiki nne peke yake, ndani ya sanduku la plastiki lenye pampu yake ya hewa, katika stoo ya mahindi.

Wa nne alipita hapo, akatoka mzima, akawa ndiye mwenyeji wa tangi. Ni wa kijivu, mwenye vinundu vyekundu, upana wa kisahani cha chai. Nimekaa naye mwaka mmoja na miezi minne na bado hajaniishia. Nikimpindua hukunja mkono mmoja, akashika mchanga, akajigeuza taratibu bila haraka yoyote. Nikimpa kipande cha dagaa hukilalia, halafu hutoa tumbo lake nje na kukimeng'enyea hapohapo. Mara ya kwanza kuona hivyo nilichelewa kipindi cha asubuhi, na sikujutia.

Mama mkwe wangu alifika mwezi wa tatu kutoka Mugoma. Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, na kwetu palikuwa karibu zaidi na hospitali ya kurudi kukaguliwa. Ni mwanamke wa maneno machache, na tangu niolewe hajawahi kuniita mwanangu. Huniita mwalimu, kwa heshima inayoacha nafasi katikati. Lakini macho mapya yalimlegeza. Alitazama kila kitu, na tangi alilitazama kuliko vyote.

"Mwarimu, kichwa chake kiko wapi?"

"Hana kichwa, mama."

"Yoo! Sasa anajuaje aende wapi?"

"Mkono wowote ukianza kuongoza, mingine inaufuata."

Akafikiri. "Basi nyumba yake haina ugomvi," alisema, na kwa mara ya kwanza tukacheka pamoja.

Wiki mbili baadaye kaka alipiga simu: analo boksi jingine. Nililipokea pale Lusahunga, kati ya malori na wauza mahindi ya kuchoma, nikarudi kwa pikipiki nikilipakata boksi mapajani. Viti vya pweza hawawezi kubadilishiwa maji ghafla, kwa hiyo ninayo mipira ya dripu, niliyonunua duka la dawa huku muuzaji akinipa pole ya mgonjwa. Saa nne nzima nilimdondoshea mgeni maji mapya tone kwa tone. Mama mkwe alikaa akitazama mpaka mwisho. Nilipomhamisha mgeni kwa bakuli bila kumtoa majini, nikampeleka stoo na kushusha pazia, mama aliniuliza atakaa huko mpaka lini. Nikamwambia wiki nne.

Siku ya tatu nilirudi kutoka shule, nikakuta sanduku la stoo ni tupu. Kwenye tangi walikuwa wawili, mkono wa mgeni ukiwa juu ya mwenyeji.

"Nimemkaribisha ndani," mama mkwe alisema, akiwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake. "Sikumtoa majini, nilitumia bakuli kama wewe. Mgeni gani anawekwa stoo na mahindi, mwarimu? Hata hujamwonyesha mwenzake."

Nilitoka nje. Nilikwenda kwenye maharage nikang'oa magugu kwa mikono, na maharage mengine pia, maana hasira ilikuwa imenipofusha. Akilini nilimwona mwenyeji amekufa tayari. Nilitaka kumpigia mume wangu, aliyekuwa kazini Biharamulo mjini, aje amchukue mama yake. Niliporudi ndani, mama alikuwa amesimama palepale. Alikuwa ameelewa kwamba ameharibu, hakuelewa nini.

Nikamweleza habari ya konokono, na wale wawili chini ya mgomba. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyu anao?"

"Sijui bado. Ndiyo maana nilimtenga."

"Kwa hiyo amefungwa na hana kosa," alisema. Kisha, bila mimi kumuuliza, akaketi na kunieleza. Alipovuka mpaka kutoka Burundi na wazazi wake alikuwa msichana mdogo, akashikwa na ugonjwa wa kuhara. Wakamweka nyuma ya turubai, peke yake. Turubai halikufika chini, kwa hiyo aliona miguu ya watu wanaopita. Aliihesabu. Alijua ya baba yake kwa ufa wa kisigino.

Hasira ilinitoka, udadisi ukaingia, kama kawaida yangu. Alikaa siku ngapi? Kumi na tisa. Nani aliingia? Hakuna. Alikuwa akifanya nini mchana kutwa? "Nilikuwa nangoja miguu isimame," alisema.

Jioni hiyohiyo nilimrudisha mgeni kwenye sanduku. Mama hakupinga, ila alichukua mkeka wake, akautandika stoo, kando ya magunia. Pazia nikalifungua. Kuanzia hapo alishinda humo, akipukuchua mahindi na kunipa taarifa kila nikirudi: leo amepanda ukutani, leo amekunja mkono, leo hakutaka dagaa.

Siku ya sita aliniita kwa sauti. Mgeni alikuwa amepanda ukuta wa sanduku, tumbo likiwa upande wetu, na mama alikuwa ameweka kidole kwenye plastiki. "Hapa. Kitu cheupe." Nilivaa miwani na bado nilichukua muda kukiona. Konokono, mdogo kuliko punje ya ulezi. Nilipata wawili kwenye mikono ya mgeni, nikawatoa kwa kibano. Kisha nikamgeuza mwenyeji, nikampata wa tatu. Saa chache tu walizokaa pamoja zilikuwa zimetosha. Mahali alipokuwa amejishika palikuwa na kidonda cheupe.

Wiki mbili zilizofuata nilikagua mkono kwa mkono, asubuhi na jioni. Mwenyeji aliacha kula siku nne, na kila siku nilimwambia mume wangu kwamba kesho tutazika. Siku ya tano akakilalia kipande cha dagaa. Kidonda kikaanza kufunga. Sijawahi kufurahia kuona tumbo la mtu likitoka nje namna ile.

Mgeni naye alikuwa mzima, lakini nilianza kuhesabu wiki zake nne upya. Asubuhi moja ya Jumamosi nilimlisha, nikamsemesha kama nisemavyo nao wote, "kula, baba, kula," kisha nikaenda kwenye beseni kunawa kwa sabuni na kusuuza mara mbili, ndipo nimwendee mwenyeji. Mama alikuwa kwenye mkeka.

"Mwarimu, unamwonea kinyaa?"

"Nani, mama?"

"Huyu. Kila ukimgusa unanawa."

"Simwonei kinyaa hata kidogo. Nampenda. Nanawa kwa ajili ya yule mwingine. Nikimpelekea ugonjwa kwa kidole changu, atakufa."

Aliacha kupukuchua. Gunzi lilibaki mkononi.

"Mama yangu alikuwa ananisukumia bakuli kwa fimbo," alisema. "Halafu ananawa kwa majivu, palepale nje ya turubai, namwona mikono. Nikasema moyoni, ananionea kinyaa. Nilipopona nilikataa kula kwa mkono wake. Nikaolewa, nikazaa, sikumrudia. Amekufa nikiwa hivyohivyo."

Mikono yangu ilikuwa bado ikidondosha maji. Nikauliza, kwa kuwa ndicho ninachoweza.

"Nje ya turubai alikuwa na nani?"

"Wadogo zangu. Wanne." Akatazama sandukuni, kisha tangi lililoonekana mlangoni, kisha mikono yangu. "Wa mwisho alikuwa ananyonya."

"Waliugua?"

Midomo yake ilicheza kama ya anayewahesabu mmojammoja.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Hata mmoja. Yule aliyekuwa ananyonya ndiye aliyenishika mkono kunipeleka hospitali, nilipokuwa sioni."